Pikipiki za Japani: sura ya jana, injini ya leo

Pikipiki aina ya Kawasaki Z900RS, iliyozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Tokyo mwaka 2017, ina taa moja ya duara mbele, tangi la petroli lenye umbo la tone la maji, na kiti kirefu kilicholala sawasawa. Anayeikumbuka Kawasaki Z1 ya mwaka 1972 anaweza kudhani ni ileile. Hata hivyo, ndani yake mna injini ya sentimita za ujazo 948 inayopozwa kwa maji, pamoja na mitambo ya elektroniki inayozuia magurudumu kuteleza.

Pikipiki za namna hiyo, mpya kwa uhandisi lakini zenye sura ya miaka ya 1970, zimepata wapenzi Japani, Ulaya na Marekani. Swali linalojitokeza ni kwa nini mnunuzi alipie teknolojia ya leo kisha atake ionekane ya jana.

Chimbuko lake

Sura hiyo inahusishwa zaidi na Honda CB750, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 1968 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata. Ilikuwa na silinda nne zilizopangwa safu moja, breki ya diski kwenye gurudumu la mbele, na iliwashwa kwa kubonyeza kitufe. Kuyakuta yote hayo katika pikipiki moja iliyotengenezwa kwa wingi lilikuwa jambo geni. Viwanda vya Uingereza, vilivyokuwa vikitamba katika pikipiki kubwa, vilishindwa kuhimili ushindani. Kawasaki nayo ilijibu kwa Z1, yenye injini ya sentimita za ujazo 903.

Pikipiki hizo hazikuundwa kwa kazi moja. Mwenye nayo aliiendesha kwenda kazini, akasafiri nayo masafa marefu na kumpakia mwenzake nyuma. Katika miaka ya 1980 viwanda vilianza kuzitenganisha kazi hizo. Pikipiki za mbio zilifunikwa kwa plastiki na kumlazimu mwendeshaji ainame juu ya tangi, na zile za safari zikawa kubwa na nzito. Pikipiki ya kawaida ikasahauliwa, hadi Kawasaki ilipoirejesha sura yake mwaka 1989 kwa Zephyr, iliyopendwa sana nchini Japani.

Si kumbukumbu tu

Ni rahisi kusema kwamba wanunuzi ni watu wazima wanaoutamani ujana wao. Hilo lina ukweli wake, kwani aliyeitamani Z1 akiwa mwanafunzi huenda leo ana fedha za kununua inayofanana nayo. Lakini wapo pia vijana waliozaliwa miaka mingi baadaye. Hao huvutiwa na kukaa mgongo ukiwa umenyooka, usukani ukiwa mpana, na macho yakiona mbali katikati ya msongamano. Huvutiwa pia na injini iliyo wazi, isiyofichwa nyuma ya plastiki.

Hapo ndipo penye utata. Katika pikipiki za zamani, mapezi ya chuma yaliyoizunguka silinda yalikuwa na kazi ya kuipoza injini kwa upepo. Uzuri wake ulitokana na kazi hiyo. Z900RS nayo ina mapezi, lakini kinachoipoza ni maji, na mapezi yamebaki kuwa pambo.

Honda ilijaribu njia nyingine. CB1100, iliyotoka mwaka 2010, iliundiwa injini mpya iliyopozwa kwa hewa kweli. Toleo lake la mwisho lilitangazwa Japani mwaka 2021, mwaka ambao Yamaha pia iliiaga katika soko hilo SR400, iliyodumu tangu 1978. Injini inayopozwa kwa hewa hupanda na kushuka joto kwa kiwango kikubwa, hivyo ni vigumu kuudhibiti moshi wake kwa usahihi. Kadiri sheria za hewa chafu zilivyokazwa, ndivyo njia ilivyozidi kuwa nyembamba.

Afrika Mashariki

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, habari hii haiko mbali. Bajaj ya India, ambayo pikipiki zake zimeenea katika bodaboda, ilishirikiana na Kawasaki kuanzia miaka ya 1980, na TVS ilishirikiana na Suzuki hadi mwaka 2001. Bodaboda nyingi za Dar es Salaam, Kampala au Nairobi bado zina kiti kirefu, mwendeshaji hukaa wima, na mapezi ya injini yake hupoza kweli. Likitokea tatizo, fundi wa kando ya barabara hulitazama na kulielewa.

Hata huko mambo yanabadilika. Mwaka 2025 Rwanda iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria mjini Kigali, na zinazochukua nafasi yake ni za umeme. Pikipiki ya umeme haihitaji silinda wala tangi la petroli. Wasanifu wake watalazimika kuamua kama watayabakiza maumbo hayo kwa ajili ya macho tu, kama ilivyofanyika Japani, au watatafuta sura inayotokana na kazi ya mtambo wenyewe.