Matangi ya saruji: Siri ya ganda jembamba

Wakazi wa Katelembo, Kaunti ya Machakos, kama wenzao wengi wa Ukambani, hutegemea misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Maji yasiyokingwa wakati huo hutafutwa mbali au kununuliwa kiangazi kinapobisha hodi.

Ndiyo maana tangi la ferosimenti, yaani saruji na mchanga vilivyopakwa juu ya waya, lina thamani kubwa kwa familia. Jambo la kushangaza ni kuwa ukuta wa sentimita nne tu huweza kuzuia maelfu ya lita.

Siri imo katika umbo. Ukuta ulionyooka ukisukumwa na maji hupinda, na saruji haivumilii kupindwa. Ukuta wa duara huvutwa tu, mithili ya mkanda unaofunga pipa. Kwa kuwa saruji ni hodari ikibanwa na dhaifu ikivutwa, mzigo huo huachiwa waya.

Chukua mfano wa tangi lenye kipenyo cha mita 3 na kina cha mita 2, linalobeba takriban lita 14,000. Likijaa, ukuta ulio karibu na sakafu huvutwa kwa kiwango kinachokaribia tani tatu kwa kila mita ya kimo. Katikati ya kina, mvuto huo ni nusu. Kwa hivyo, waya hufungwa kwa kukaribiana chini na kuachiwa nafasi kuelekea juu.

Kipenyo kikiongezwa maradufu, mvuto nao huwa maradufu, hata kama kina hakikubadilika. Fundi anayepanua tangi bila kuongeza waya anakaribisha hasara.

Mahali pengine pa hatari ni pale ukuta unapokutana na sakafu. Sakafu huuzuia ukuta kutanuka, nao hupinda kidogo na kupata nyufa. Dawa yake ni kunenepesha kona hiyo kwa saruji.

Paa la kuba nalo hubanwa, kama ganda la yai, lakini ukingo wake husukuma nje. Hapo huhitajika pete ya chuma.

Historia ina funzo. Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda mashua ya saruji na waya mnamo 1848. Nchini Kenya, katika miaka ya 1970 na 1980, yalijengwa matangi ambayo badala ya waya yalitumia vijiti vilivyosukwa kama ghala la nafaka. Vijiti vilioza au kuliwa na mchwa, na ganda likabaki bila wa kuzuia mvuto.

Hatimaye, saruji mpya hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa wiki moja au zaidi. Ikiachwa ikaushwe na jua, hupasuka kabla ya kupokea tone la mvua. Anayebania waya na maji ya kunyunyizia huokoa shilingi chache leo, kisha akapoteza maji ya msimu mzima.