Jometri Isiishie Ubaoni

Kila ifikapo Novemba, wazazi wa Mkula, katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, huwa na mambo mawili ya kuyatazama. Huyatazama mawingu, maana msimu wa kupanda pamba umewadia. Na huwatazama watoto wao wa sekondari, maana mwaka wa masomo unakaribia kufungwa. Vijana wa Kidato cha Nne wamo katika mtihani wa taifa, na wadogo zao wanajiandaa kwa mitihani ya kumaliza mwaka. Katika majuma hayo machache ya mwisho, sehemu moja ya somo la Hisabati hupata mashaka makubwa kuliko nyingine. Sehemu hiyo ni jometri.

Katika shule zetu jometri si somo la pekee. Mtaala wa mwaka 2005 uliigawa katika vidato vyote vinne: Kidato cha Pili kilijifunza kufanana kwa maumbo na kanuni ya Pythagoras, cha Tatu duara na dunia kama tufe, cha Nne maumbo yenye ujazo. Kila mada kati ya hizo hudai kuchora, kupima na kujadiliana, na mambo hayo hula muda. Kwa hiyo mwalimu aliyebanwa na kalenda huandika kanuni ubaoni, wanafunzi wakainakili, na mada ikahesabiwa kuwa imekwisha. Siku zinazobaki huenda katika maswali ya mitihani iliyopita.

Hatusemi kwamba maswali hayo hayana faida. Tunasema kwamba hayatoshi, na ushahidi tunao. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2021, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa takriban mmoja tu katika kila watahiniwa watano. Ikiwa kukariri kungekuwa dawa, ugonjwa huu ungalikuwa umepona zamani.

Kwa maoni yetu, mwaka wa jometri haumaliziki pale ukurasa wa mwisho wa kitabu unapofunuliwa. Humalizika pale mwanafunzi anapoweza kusimama mbele ya wenzake na kueleza kwa nini jambo liko hivyo lilivyo.

Chukua mfano wa fundi mwashi anayepima msingi wa nyumba. Hupima hatua 3 upande mmoja wa kona, hatua 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba kati ya alama hizo mbili. Kamba ikiwa hatua 5 kamili, kona yake ni pembe mraba. Fundi anajua kwamba njia hiyo haimdanganyi. Wajibu wa darasa ni kujua kwa nini haimdanganyi.

Na sababu yenyewe yaweza kuonyeshwa kwenye uwanja wa shule kwa vigingi na kamba. Pima mraba wenye upande wa hatua 7. Kila upande uugawe hatua 3 na hatua 4, ukizunguka kwa mpango ule ule, kisha uunganishe alama zote nne. Katika kila kona umekata pembetatu yenye eneo la 6, na zote nne zina eneo la 24. Mraba mkubwa ulikuwa na eneo la 49. Ukiondoa 24, mraba uliobaki katikati una eneo la 25, yaani kila upande wake ni hatua 5. Mwanafunzi aliyelitembea jambo hili kwa miguu yake hatalisahau baada ya likizo.

Yako pia mambo yanayogusa mali ya watu. Katika mkoa wa wakulima kama Simiyu, ardhi ndiyo benki ya wengi. Lakini wapo wanaopima shamba kwa kulizunguka tu na kuhesabu hatua. Shamba la mita 100 kwa mita 100 lina mzingo wa mita 400, nalo ni hekta 1 kamili. Shamba la mita 150 kwa mita 50 lina mzingo huo huo wa mita 400, lakini eneo lake ni robo tatu ya hekta. La mita 180 kwa mita 20 huzungukwa kwa hatua zile zile, na halifiki hata hekta nusu. Anayenunua au kugawa urithi kwa kuhesabu mzunguko aweza kupunjwa mchana kweupe, na wala asijue amepunjwa. Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Daftari la ardhi ni jometri.

Jambo hili ni zito zaidi tukikumbuka kwamba, kwa vijana wengi, Kidato cha Nne ndicho mwisho wa kukaa na jometri darasani. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka elimu ya msingi iwe elimu kamili kwa yule anayeishia hapo, isiwe tu ngazi ya kwendea sekondari. Hoja hiyo inafaa hata kwa somo hili. Kijana anayerudi shambani au anayejiunga na mafundi anastahili kuondoka na kitu kilichokamilika mkononi.

Kwa hiyo tunatoa rai. Ndugu walimu, majuma ya mwisho wa mwaka tokeni nje na wanafunzi walau kipindi kimoja kwa juma. Simamisheni kijiti cha mita 1 karibu na mlingoti wa bendera, mpime vivuli vyote viwili kwa wakati mmoja. Ikiwa kivuli cha kijiti ni sentimita 50 na cha mlingoti ni mita 4, mlingoti una urefu wa mita 8, na somo la kufanana kwa pembetatu limeeleweka bila gharama yoyote. Tena, mwanafunzi akikwama kueleza kwa Kiingereza, mwacheni aeleze kwanza kwa Kiswahili alichofundishiwa shule ya msingi, ndipo arudi kwenye lugha ya mtihani. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Hata hivyo, kumwuliza mtoto swali la “kwa nini” kwa lugha anayoifahamu hakuhitaji kusubiri tume nyingine.

Kwa wazazi, ombi letu ni fupi. Tunajua mvua ya kupandia haingoji, wala mikono haitoshi. Lakini kumwondoa mtoto darasani katika majuma haya ni kumnyima kile hasa kinachounganisha masomo ya mwaka mzima. Ashike jembe baada ya saa za shule. Na mkebe wenye bikari, rula na kipimapembe usihesabiwe kuwa ni anasa, maana mwanafunzi wa jometri asiye navyo ni sawa na mkulima asiye na jembe.

Bodi za shule nazo zina sehemu yake. Bikari kubwa ya ubaoni, kamba iliyopimwa na vigingi ni vifaa ambavyo fundi seremala wa kijijini aweza kuvitengeneza. Vikitayarishwa kabla ya Januari, mwaka mpya wa masomo utaanza kwa kupima na kuuliza, na Novemba itakapofika mwalimu hatalazimika kukimbizana na kalenda.