Fahamu: Kwa nini Mercury Comet za Marekani ziliishia kwenye tope la Safari Rally 1964

Kila mbio za magari za Safari Rally zinapokaribia kule Naivasha, Kenya, vijiwe vya mafundi Rwamgasa, Geita, navyo hurudia ubishi: gari lipi hasa ndilo gumu? Mwaka 1964 swali hilo lilijibiwa kwa uchungu.

Mwaka mmoja kabla, Ford ilizungusha Comet nne za chapa yake ya Mercury katika uwanja wa Daytona, Florida, hadi kila moja ikatimiza maili 100,000, kwa wastani wa zaidi ya maili 105 kwa saa. Mbio ziliuza magari Marekani, na Comet ikawa gumzo. Ford ikaleta timu ya Comet Afrika Mashariki kwa Safari Rally ya 1964. Mbili tu ndizo zilizomaliza.

Barabara ndizo zilizotofautiana. Daytona ni lami tupu. Safari Rally ilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida: utelezi, mashimo, makorongo. Comet ilikuwa ndefu na nzito. Mshindi, Peter Hughes, aliendesha Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza. Mwaka 1965 Joginder Singh akashinda kwa Volvo iliyokwishatumika.

Rwamgasa nako somo ni hilo hilo: dereva wa pikapu anayebeba viroba vya mawe ya dhahabu kwenda kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe, hatauliza kasi. Atachungulia chini ya gari ahesabu majani ya springi, kisha amwambie fundi aongeze moja kabla mvua haijaanza.