Gharama ya Njia ya Gari Hadi Mlangoni

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Tafadhali wekeni madaftari na kalamu mbele yenu, kwa maana somo la leo lina hesabu. Ni hesabu za kujumlisha na kuzidisha tu, na ninyi mmekwisha zijua. Anayeona taabu amkaribie mwenziwe, wasome pamoja.

Leo tutajifunza gharama ya kutengeneza njia ya gari kutoka barabarani mpaka nyumbani kwako. Pengine utasema, "Mimi sina gari. Njia ya gari ya nini?" Swali hilo ni zuri. Lakini fikiri kidogo. Mahindi yako hupelekwa mnadani na nini? Saruji na mabati ya nyumba yako yaliletwa na nini? Na mgonjwa akizidiwa usiku, hupelekwa hospitali na nini? Hata asiye na gari, siku moja gari litamfaa.

Habari ya Busi

Nitawapa mfano wa Busi, katika wilaya ya Kondoa, mkoa wa Dodoma. Baba yangu mdogo alijenga nyumba huko, juu ya mteremko. Kutoka barabarani mpaka mlangoni pake ni hatua ndefu sitini, yaani mita 60 hivi. Alitaka njia ya gari. Akamwita mwenye lori, akaleta tripu tano za moramu. Wakaimwaga na kuitandaza moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kama kamba iliyonyoshwa. Hakuchimba mtaro, hakushindilia udongo, wala hakuweka kalavati mahali njia inapokutana na barabara. Kazi ilikwisha kwa siku moja, na kila mtu alimsifu.

Mvua zikaja. Masika ya kwanza maji yalifuata ile njia kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kupita. Moramu ikachukuliwa yote, ikafunika mtama wa jirani. Baba mdogo akaleta tripu tano nyingine. Masika ya pili nazo zikaenda, na pale palipokuwa njia pakabaki mfereji wenye kina cha kumfika mtu magotini. Jirani akalalamika mbele ya wazee, na ilibidi alipwe mtama wake.

Usiku mmoja bibi yangu akashikwa na homa kali. Gari lilikuja, likasimama chini barabarani. Halikuweza kupanda. Tukamtoa bibi kwa kitanda, watu wanne, katika matope na giza, huku mmoja akitangulia na taa kuonyesha mahali pa kukanyaga. Tulimfikisha, na alipona. Lakini baba mdogo aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, nimelipa njia mara mbili na bado sina njia."

Somo letu la leo ni kutafuta kosa lake lilikuwa wapi. Hakudanganywa na mwenye lori, wala moramu haikuwa haba. Alifanya hesabu ya moramu akasahau hesabu ya maji.

Hesabu ya maji

Katika nchi yetu ya kati mvua hunyesha msimu mmoja, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Miezi mingine ni kiangazi. Mvua yenyewe si nyingi kwa mwaka, lakini mara nyingi hunyesha kwa nguvu kwa muda mfupi, juu ya udongo ulio mtupu. Ndiyo maana milima ya Irangi huko Kondoa ilijaa makorongo. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu iliyoharibika zaidi ili majani na miti vipate kuota tena. Wazee wa Kondoa wanaikumbuka habari hiyo vizuri. Korongo kubwa huanza na mchirizi mdogo, na njia mbaya ya gari ni mchirizi uliochimbwa kwa fedha.

Sasa andika. Njia ina urefu wa mita 60 na upana wa mita 3. Zidisha: 60 mara 3 ni 180. Hizo ni mita za mraba 180. Ikinyesha mvua ya milimita 20, ambayo huweza kunyesha kwa alasiri moja, njia peke yake hupokea lita 3,600. Debe moja ni lita 20. Gawanya 3,600 kwa 20, unapata madebe 180.

Fikiri juu ya madebe 180 ya maji yakimwagwa juu ya njia yako alasiri moja. Na hapo hatujahesabu maji ya paa na ya uwanja. Ukiyaacha yateremke yote kwa pamoja, yatabeba moramu yako. Ukiyatoa pembeni kidogo kidogo, hayatakuwa na nguvu. Maji hufuata mkondo. Basi mwenye njia na awe yeye anayechagua mkondo huo.

Kazi ya kufanya

Kwanza, chagua mahali. Usiteremshe njia moja kwa moja kama mteremko ni mkali. Ipitishe kimshazari. Itakuwa ndefu kidogo, lakini itadumu. Siku ya mvua simama mlangoni utazame maji yanapita wapi. Kutazama huko hakuna gharama.

Pili, omba ruhusa. Barabara ya watu wote ina eneo lake la hifadhi na mtaro wake, na si halali kuunganisha njia yako bila idhini. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Uliza pia ofisi ya serikali ya kijiji kabla ya kuchimba moramu au mawe mlimani.

Tatu, ondoa udongo wa juu wenye majani na mizizi, kwa sababu huo hulainika ukilowa. Pima kwa kamba na vigingi. Katikati ya njia pawe juu kuliko kando, kama mgongo wa ng'ombe. Kwa njia ya mita 3, katikati pazidi kando kwa sentimita 6 hivi.

Nne, chimba mitaro kando. Kila baada ya mita 20 hivi, utoe mtaro nje upeleke maji penye majani. Usiyapeleke katika shamba la jirani. Panda nyasi au mkonge mahali maji yanapotokea, ili yasichimbe.

Tano, weka kalavati mahali njia inapovuka mtaro wa barabara. Watu wengi hufukia mtaro huo kwa udongo ili gari lipite. Hilo ni kosa kubwa. Maji yakizibwa hupanda barabarani, yakaharibu njia ya watu wote.

Sita, tandaza moramu tabaka mbili, si moja. Nyunyiza maji, shindilia, kisha weka tabaka la pili ushindilie tena. Wakati mzuri ni mwisho wa mvua, Aprili au Mei. Lori huweza kupita, na udongo bado una unyevu. Ukingoja Septemba utanunua maji ya kunyunyizia, na kiangazi maji ni ghali.

Ujuaje moramu nzuri? Chukua konzi moja, ilowanishe kidogo, uifinye. Ikishikana na huku unasikia vijiwe ndani yake, ni nzuri. Ikimomonyoka yote, ni mchanga mtupu. Ikinata kama udongo wa mfinyanzi, itakuwa tope wakati wa mvua.

Hesabu ya fedha

Sasa tufanye hesabu ya gharama. Sikilizeni vizuri: bei nitakazotumia ni namba za kujifunzia tu. Bei za kweli utaziuliza mwenyewe kwa watu watatu, siyo kwa mmoja, maana hubadilika kwa mahali na kwa msimu.

Moramu. Urefu mita 60, upana mita 3, unene baada ya kushindilia sentimita 15. Zidisha 60 mara 3 mara 0.15. Jibu ni mita za ujazo 27. Lakini moramu iliyo katika lori imefumuka, ikishindiliwa hupungua. Kwa hiyo ongeza robo. Robo ya 27 ni karibu 7. Jumla 34. Kama lori hubeba mita za ujazo 7, unahitaji tripu 5. Muulize mwenye lori gari lake hubeba mita ngapi za ujazo. Neno "tripu" peke yake si kipimo. Lori dogo na lori kubwa yote huitwa tripu.

Andikeni sasa:

Moramu, tripu 5 kwa shilingi 100,000: shilingi 500,000.

Vibarua 6 kwa siku 4, kila mmoja shilingi 10,000 kwa siku: shilingi 240,000.

Mabomba 4 ya kalavati, kila moja shilingi 60,000: shilingi 240,000.

Mawe na saruji ya kujengea ncha mbili za kalavati: shilingi 100,000.

Jumla: shilingi 1,080,000.

Ongeza sehemu moja ya kumi kuwa akiba, yaani shilingi 108,000. Jumla kuu ni shilingi 1,188,000.

Sasa mlinganishe na baba yangu mdogo. Kwa bei hizi za mfano, safari ya kwanza alitoa 500,000 tu. Aliona ameokoa fedha zaidi ya nusu. Lakini alirudia, akawa ametoa 1,000,000, bila kuhesabu mtama wa jirani. Kwa hiyo alitumia karibu fedha zile zile za njia nzuri, akabaki na mfereji. Rahisi huwa ghali.

Tazameni jambo jingine. Katika hesabu yetu, moramu ni chini ya nusu ya jumla kuu. Fedha nyingine ni ya jasho, kalavati na akiba. Mtu akikuambia kwamba njia ni moramu tu, amekuhesabia nusu ya gharama. Na kama watoto wako na wewe mtachimba mitaro wenyewe, ile 240,000 ya vibarua itapungua. Mahali pa kupunguza ni hapo. Usipunguze kwa kuacha kalavati au kushindilia.

Je, zege?

Wengine huuliza habari ya zege. Zege hudumu sana, lakini tuhesabu. Njia nzima yenye unene wa sentimita 10 inataka mita za ujazo 18. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mita moja ya ujazo hula mifuko 6 na nusu hivi ya kilo 50. Basi ni mifuko 117. Kwa bei ya mfano ya shilingi 20,000 kwa mfuko, saruji peke yake ni shilingi 2,340,000, na hatujanunua mchanga, kokoto wala maji.

Kuna njia ya kati. Gari halikanyagi njia nzima. Magurudumu hupita mahali pawili tu. Ukiweka mikanda miwili ya zege, kila mmoja upana wa sentimita 60, kwa mita zote 60 unahitaji mifuko 47. Tena, si lazima kuweka kote. Weka pale palipo na mteremko mkali tu. Tuseme ni mita 15. Hapo mifuko 12 inatosha, yaani shilingi 240,000 za saruji. Sehemu iliyobaki iwe ya moramu. Na lami je? Lami ya vipande vifupi namna hii haifai kwa mtu mmoja, kwa kuwa inataka mitambo na mafundi wake, na kuileta mitambo hiyo ni gharama kuliko njia yenyewe.

Baada ya kazi

Njia haimaliziki siku ya kulipa fundi. Kila mwaka mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, safisha mitaro na kalavati. Shimo dogo likitokea lizibe kwa toroli moja la moramu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka uliofuata baba yangu mdogo alianza upya. Alipitisha njia kimshazari, akachimba mitaro pamoja na wanawe, akaweka kalavati na mikanda ya zege penye mteremko. Jirani yake naye alimsaidia kupanda mkonge, kwa kuwa alijua faida ni ya mashamba yote mawili. Sasa gari linafika mlangoni hata mwezi wa Machi.

Maswali ya darasa

1. Njia ina urefu wa mita 40, upana wa mita 3 na unene wa sentimita 15. Moramu ni mita ngapi za ujazo kabla ya kuongeza robo?

2. Kwa nini si vizuri kufukia mtaro wa barabara?

3. Pima kwa hatua kutoka nyumbani kwako mpaka barabarani. Chora njia, uonyeshe kwa mshale maji yatatokea wapi.

4. Waulize watu watatu bei ya tripu moja ya moramu, na lori lao hubeba kiasi gani. Nani ni rahisi kwa kila mita moja ya ujazo?

Jibu la swali la kwanza ni 18. Majibu mengine yajadilini pamoja na mwalimu wenu. Juma lijalo tutajifunza kuandika mapatano ya kazi na fundi, ili kila mtu ajue alichokubali. Kwaherini, ndugu zangu, na someni kwa bidii.