Mtaa wa Samora: Asubuhi moja ya Jumapili inatosha kumfundisha mtoto historia ya jiji

Mtoto anaweza kukulia Dar es Salaam, akapita Mtaa wa Samora mara nyingi akiwa ndani ya gari, na bado asijue Samora alikuwa nani wala kwa nini askari wa shaba amesimama katikati ya barabara. Shuleni hupewa tarehe za kukariri. Kumwonyesha mahali penyewe ni kazi ya mzazi, na haina gharama kubwa.

Jumapili ndiyo siku nzuri, kwa kuwa ofisi zimefungwa na magari ni machache. Shukeni kituo cha mwendokasi cha Posta ya Zamani, kisha mtembee kwa miguu.

Mtaa mmoja, majina manne

Wajerumani waliuita Unter den Akazien, yaani chini ya miakasia. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 wakauita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru wa 1961 ukawa Independence Avenue, na baadaye ukapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji.

Mweleze mtoto kwamba chama cha FRELIMO kiliundwa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa katika jiji hili kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Februari 3, 1969. Samora ni miongoni mwa waliopokea uongozi baada yake, na Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975.

Askari asiye na jina

Kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe, mshike mtoto mkono kabla ya kuvuka. Hapo zamani ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyezima vita vya Abushiri wa Pangani. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 wakaweka sanamu ya askari Mwafrika, singe yake ikielekea bandarini.

Sanamu hiyo ni kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maandishi yake, ambayo yapo pia kwa Kiswahili, yanaahidi kwamba atakayekufa atakumbukwa jina na watoto wake. Mwache mtoto ayasome mwenyewe, kisha mwulize: majina yako wapi? Hatayaona. Wapagazi walibeba risasi na chakula cha jeshi vichwani, na wengi walikufa kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Mnara wa Saa na bustani

Upande mmoja wa mtaa upo Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kuwa jiji mwaka 1961. Upande wa pili ipo Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani, yenye kivuli kizuri cha kupumzikia. Jirani yake, Mtaa wa Shaaban Robert, kuna Makumbusho ya Taifa, ambako mtoto ataelezwa habari za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959.

Msichelewe kwenda. Majengo kadhaa ya zamani katikati ya jiji yamekwisha kubomolewa kupisha maghorofa, na mtoto hawezi kuonyeshwa kilichokwisha kuanguka.

Kabla ya kutoka nyumbani, mpigie simu bibi au babu umwulize kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyepigana au kubeba mizigo katika vita ile. Kama yupo, mtaje mbele ya sanamu, mtoto alisikie jina hilo.