Mtani Ndiye Anayezika

Mgeni akiuliza mjini Dilolo ofisi ya mazishi iko wapi, ataonyeshwa fundi anayepigilia masanduku, naye atarudi kwao akisema kwamba watu wa mpakani mwa Kongo na Angola hawana wataalamu wa kazi hiyo. Wapo, ila hawana kibao mlangoni.

Kwa Wachokwe na Wandembu ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mwenye kilio ni mjomba. Yeye ndiye anayeamua siku ya kuzika na nani asubiriwe. Mikono, lakini, ni ya mtani. Aliyefiwa akichimba kaburi la mtu wake watu hushangaa. Mtani wa ukoo yupo kwa ajili hiyo.

Na mtani hachimbi kimya kimya. Kilio kikishapamba moto, wanawake wamekauka sauti, huingia uwanjani akiigiza mwendo wa marehemu. Humdai deni la mwaka juzi. Humwita mlafi aliyewaacha wenzake na bukari, yaani ugali, bila kitoweo. Hukatalia sanduku lisitoke mpaka alipwe kitu kidogo, na mjane, aliyekuwa hajala tangu jana, hujikuta anacheka. Mgeni huona dharau hapo. Mnyamwezi au Mzaramo asingeshangaa hata kidogo, maana nao wana watani wao wa misibani.

Kazi hii inataka mtu anayejua koo, anayejua nani amekosana na nani, na mwenye ulimi mkali usiojeruhi. Akizidisha, kilio kinageuka ugomvi. Akipunguza, mjomba anaanza kutafuta mchawi, na hapo ndipo vijiji huvunjika. Baada ya matanga zamu hugeuka: jina la marehemu hupewa mtu wa kulirithi, na kwa Wandembu hupandwa mti wa muyombo ambao wazee huuendea na udongo mweupe kuzungumza na waliotangulia. Miti hiyo sasa ni michache.

Ndugu kumnyang'anya mjane sufuria na mabati ni desturi nisiyoililia ikipotea. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimweka mjane miongoni mwa warithi, basi.

Kinacholiliwa ni kingine. Vijana wetu wako Kolwezi wakichimba kobalti kwa mikono, na mashimo huwafukia. Mwezi Juni mwaka 2019 waliporomokewa makumi mahali pamoja. Kutoka huko hadi Dilolo ni zaidi ya kilomita 400 za reli, ile iliyounganishwa na njia ya Benguela mwaka 1931. Maiti hulala morgi, bili inapanda kila siku, jamaa wanachanga, na mara nyingi kijana huzikwa huko huko na vijana wa kukodi wanaocheza na sanduku barabarani.

Wanaofungua biashara ya mazishi huko siwalaumu. Wanaosha vizuri, wana gari, wana barafu, na wafiwa wanahitaji vyote hivyo. Lakini mwenye biashara akithubutu kusema mbele ya mama mtu kwamba marehemu alikuwa mvivu, atafukuzwa bila malipo. Mtani halindwi na bei. Analindwa na babu zake, waliozikwa na babu zetu. Kijana aliyezaliwa Kolwezi hamjui mtani wake ni nani, na baba yake, akiwa zamu shimoni, hajapata nafasi ya kumwambia.