Mzazi Akistaafu, Nani Atalipia Dawa?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalozigusa familia nyingi hapa Chemba: matibabu ya mzazi aliyestaafu.

Tuchukue mfano wa dereva wa kampuni binafsi mjini Dodoma, anayerudi nyumbani akiwa na miaka 60. Kwa miaka mingi alitibiwa kwa bima iliyolipwa na mwajiri. Siku anapokabidhi ufunguo wa gari, kadi ya matibabu nayo inakwisha. Mafao yake anayatia katika nyumba na shamba la alizeti. Bima anaiahirisha, kwa kuwa mwili bado una nguvu.

Baada ya muda anagundulika kuwa na presha na kisukari. Magonjwa haya hayaishi kwa dozi moja; dawa zake ni za kila siku. Mwaka mvua ikiwa haba na alizeti isipotoa kitu, mzee huanza kumeza dawa leo na kuziruka kesho. Kwa kufanya hivyo anakaribisha kiharusi, au figo kushindwa kufanya kazi. Hapo zahanati ya kijiji haitoshi tena. Safari ni ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ng'ombe huuzwa kwanza, kisha shamba.

Kwa nini bima huwa ghali uzeeni? Bima ni kapu la pamoja: wazima wengi hutia, wagonjwa wachache huchota. Mzee huchota mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipotoa vifurushi vya hiari mwaka 2019, bei zilipangwa kwa umri. Kijana alianzia shilingi 192,000 kwa mwaka. Mwenye miaka 60 na kuendelea alidaiwa zaidi kwa kifurushi kile kile. Hivyo bei hupanda wakati ule ule kipato kinaposhuka.

Basi tufanye nini?

Kwanza, anayekaribia kustaafu aulize mapema juu ya kadi yake. Mfuko huo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu mtumishi na nusu mwajiri. Mchangiaji wake anayestaafu na kutimiza masharti huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kuchangia tena. Lakini bima za makampuni mengi huishia kazini. Msingoje siku ya kuagwa ndipo muulize.

Pili, mafao yasiishie yote katika matofali. Mchango wa bima na utengwe kabla ya mengine, tena mngali wazima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na taratibu za kujiunga zinabadilika. Ulizeni viwango vya sasa katika zahanati au ofisi ya halmashauri kabla ya kutoa fedha.

Tatu, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bure katika vituo vya Serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007 zimelieleza jambo hilo. Mwoneni mtendaji wa kijiji ili atambuliwe na kupewa kitambulisho. Wapo wazee wanaouza mbuzi kulipia huduma wanayostahili bure, kwa kuwa tu hakuna aliyewaandikisha.

Nne, pimeni presha na sukari mara kwa mara, punguzeni chumvi, na dawa mliyoandikiwa msiiache bila kumwona mganga. Dawa ya presha ya mwezi mmoja ni nafuu sana kuliko kitanda cha hospitali.

Watoto mlio mjini, mnapotuma fedha za sukari na sabuni, ulizeni pia: "Baba, kadi yako inaisha lini?" Wazazi wengi huona haya kusema kwamba dawa zimekwisha. Tusiwaache wafike huko.